Nyumba Iliyotandikwa Mtoni

Zavodice, 12 Juni 2023

Shemeji Bogomir,

Mimi mzima. Adabu ya barua inanidai nikuulize na wewe, basi nimeuliza. Mke wangu Zofka anakusalimu; hilo ni shauri lake, mimi halinihusu.

Nakuandikia kwa sababu niliapa siku ya mazishi kwamba sitaongea nawe kwa mdomo. Kile kiwanja cha kando ya mto kilikuwa cha baba yangu. Alimpa dada yangu Otilija akitumie, na wewe kwa kuwa ulimwoa ukajenga juu yake nyumba ya maskauti wako wa skafu za kijani. Sasa dada hayupo na kiwanja ni changu. Maskauti wangu wa kanisani ni arobaini, wanabanana ndani ya sakristia, kile chumba cha mavazi ya padri, kama dagaa. Wako wamebaki tisa, nao wana nyumba nzima. Ikifika Siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, uwe umehama. Nyumba niachie.

Huko Podskala, ng'ambo ya mto, wanakuita baba wa mji. Miaka arobaini unawapasulia wajane kuni, unapanda miti, unafagia makaburi. Haya. Lakini mke wako alipokufa hospitalini, wewe ulikuwa kambini mlimani, unawafundisha watoto wa watu kuwasha moto. Alikufa akitazama mlango. Baba wa mji, mume wa nani?

Shemeji yako, kwa bahati mbaya,
Feliks

Podskala, 20 Juni 2023

Shemeji Feliks,

Barua yako imenikuta na afya tele, pole sana. Mwambie Zofka nimezipokea salamu zake, na namwonea huruma kwa anayelala naye.

Otilija ndiye aliyenituma kambini. Alisema, "Nenda, watoto wameshafunga mizigo, mimi siendi popote." Wewe hukuwepo. Ulipokuja na padri na rozari yako, alikuomba ufungue dirisha, ukaendelea kusali. Hilo nililisikia kwa muuguzi.

Mafundo yote unayowafundisha hao arobaini ulijifunza kwangu, kabla hujaondoka mwaka 1991 na nusu ya maskauti wangu kwa kuwa ulitaka msalaba kwenye skafu. Mbao za nyumba ile tulizibeba mabegani kutoka kiwanda cha mbao, mimi na dada yako. Sihami. Ukitaka njoo na jeshi lako unitoe, ila wafundishe kwanza kufunga kamba za viatu.

Shemeji yako,
Bogomir

Zavodice, 14 Agosti 2023

Shemeji,

Tuko hai, kama ulikuwa unaomba vingine. Mafuriko yamebeba daraja letu, mizinga yangu ya nyuki yote, na gari la jirani. Barabara ya juu imefukiwa na udongo. Barua hii nampa mmoja wa maskauti wako, maana ndio posta tuliyobaki nayo.

Jana nimetoka nje, nikatazama ng'ambo. Nyumba haipo kiwanjani. Nikadhani mto umeichukua, nikasikitika. Kisha nikatazama chini nikaiona: boriti za paa zimelazwa toka ukingo wenu hadi wetu, mbao za ukuta zimetandikwa juu, kamba kila mahali, na mama yake padri anapita juu na kikapu.

Afadhali ingechukuliwa na mto. Na mto sina ugomvi. Umebomoa makusudi nisiipate. Mimi juu ya hilo dude sipiti. Nitazunguka msituni, hata kama ni nusu siku.

Feliks

Podskala, 15 Agosti 2023

Shemeji Feliks,

Sisi wazima, ila matope yako hadi kwenye masanduku ya nguo. Pole kwa nyuki, hiyo inatoka moyoni.

Jeshi lilisema halifiki kwenu kabla ya wiki mbili. Huko mna watu wanaochomwa sindano za kisukari kila siku, mama yake padri akiwemo. Mbao nyingine kavu hazikuwepo mjini. Nikawaambia watoto walete nyundo. Mdogo wao alilia, nami sikuwa mbali na kulia.

Wewe si ulisema nikuachie nyumba? Nimekuachia, iko mlangoni kwako. Hukusema iwe imesimama.

Basi zunguka msituni, umri wako unahitaji mazoezi. Upande huu tunapika maharagwe na kabichi chachu kila mchana kwa yeyote mwenye njaa. Zofka alikula sahani mbili jana. Hakukuambia?

Shemeji yako,
Bogomir

Zavodice, 2 Septemba 2023

Bogomir,

Salamu sina. Zofka amerudi kutoka hospitali ya upande wenu, kidole tumbo kimetolewa, anatembea. Watoto wako walimvusha kwa machela, nami nikafuata nyuma. Unajua kwamba nimevuka, kwa hiyo usinicheke, nalisema mwenyewe.

Pale katikati nimeona mbao za kijani. Ni ule ukuta alioupaka rangi Otilija. Alama za brashi yake bado zipo. Nilikuwa nimeshaukanyaga kabla ya kuelewa. Umemlaza dada yangu watu wampite juu na viatu vya matope.

Nakuchukia. Nilidhani nimezoea, lakini usiku ule nje ya chumba cha upasuaji nilikuwa nakuchukia upya. Asante ya machela wape watoto. Wewe hapana.

Feliks

Podskala, 4 Septemba 2023

Shemeji,

Nimefurahi kwamba Zofka anatembea. Mwambie asinyanyue ndoo.

Mbao zilizopakwa rangi hazinywi maji haraka, ndiyo maana nimeziweka pale yanaporuka. Hazikuwa na kazi nyingine. Mimi nazikanyaga kila asubuhi nikiwapelekea wazee wenu mkate, na kila asubuhi naumia. Wewe umeumia mara moja ukaandika barua.

Nichukie tu. Ila kamba za upande wenu zinalegea, na mikono yangu haifiki kote. Arobaini wako wamekaa bure.

Bogomir

Zavodice, 21 Oktoba 2023

Shemeji Bogomir,

Sisi hatujambo. Zofka ananyanyua ndoo, hasikii la mtu.

Daraja la chuma la jeshi umeliona. Manispaa ilitaka kuzichoma mbao zako, wakasema zimeoza. Niliwatukana mpaka padri akaondoka. Jana arobaini wangu na tisa wako wamezibeba zote hadi kiwanjani. Tarehe ya Mtakatifu Martin naifuta. Jenga. Maskauti wangu watakuja Jumamosi kwa nyundo, na watakuwa wakikutana humo siku ambazo wako hawapo. Mimi sitakuja, kiapo changu kiko palepale.

Zile za kijani nimezichukua. Ziko ghalani kwangu, nimezipangusa. Hizo hupati.

Shemeji yako,
Feliks

Podskala, 9 Novemba 2023

Shemeji Feliks,

Mimi mzima, mgongo tu. Arobaini wako wanajua kupiga misumari, sikutegemea.

Paa limekaa na kuta tatu zimesimama. Upande wa kusini, ule wa Otilija, nimeacha wazi. Mbao mpya nimepewa na kiwanda, nimezikataa. Theluji ya kwanza imeanguka leo, na watoto wako na wangu wanatetemeka humo ndani wakiniuliza ukuta uko wapi. Nawaambia uko ghalani kwako.

Kwa mdomo usiseme lolote, kiapo ni kiapo. Zilete tu mwenyewe, mabegani, kama alivyozileta yeye.

Shemeji yako,
Bogomir