K Zote Ni za Majina

Jumatatu, 29 Novemba 1954

Mhariri kanipa kazi ya Jumamosi: sherehe ya kufunga mwaka katika shule ya sekondari ya wasichana ya Bustanini, Mtoni. Nusu safu, bila picha. Nilimwambia sherehe za namna hii naweza kuziandika nikiwa usingizini: hotuba, kwaya, zawadi, makofi. Akasema ndiyo sababu kanipa mie.

Nimekwenda leo kwa baiskeli ili nichukue majina mapema. Kutoka Kinondoni ni mbali, na ukishapita Temeke njia ni mchanga mtupu. Mnyororo ulitoka mara mbili. Nimefika nimelowa.

Alinipokea Bi. Tabu, mwalimu wa Kiswahili. Mfupi, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Niliomba majina ya washindi. Akasema yatatoka gazetini. Nikamwambia naam, gazetini, ndiyo maana nayataka.

"Si gazeti lako, kaka. Letu."

Wana mashine ya chapa! Iko kwenye banda nyuma ya jiko. Kuukuu, ya kukanyaga kwa mguu. Misheni moja iliiacha. Wasichana sita wamevaa aproni, wino hadi viwiko. Mmoja alikuwa anapanga herufi za risasi bila kuzitazama, mkono unaenda kwenye kasha na kurudi kama anayechambua mchele. Huyo ni Badriya, binti wa Bwana Awadh mwenye duka pale Temeke. Jumamosi watatoa karatasi moja pana, imechapwa upande mmoja: habari za mwaka mzima na majina ya wote waliofanya vizuri. Kila mzazi atapewa yake.

Nimewaona wapiga chapa wengi. Hawa sikuwatarajia. Nimesahau hata kuchukua majina.

Jumanne, 30 Novemba

Nimerudi Mtoni. Mhariri hajui.

Wana tatizo, na ni tatizo ambalo Mwingereza hawezi kulipata. Herufi zao zilinunuliwa kwa ajili ya Kiingereza. E zimejaa tele. K chache sana, kwa kuwa Mwingereza haitumii sana. Sie tunaimaliza kabla ya kumaliza salamu! Miaka yote wasichana wamechapa Kiswahili kwa k zilezile, nazo zimelika, zimevunjika. Sasa zimebaki k ndogo nzima nne na K kubwa tatu. Waliagiza Uingereza tangu Machi. Juzi kifurushi kimefika. Wamefungua: q. Pakiti nzima ya q!

Jovina, mrefu, mdomo haupumziki, alisema watumie hizohizo q, nani atajua. Badriya akamjibu baba yake atajua, atazisoma zote kooni kama qafu ya Kiarabu, watu wadhani shule nzima ina kikohozi. Banda zima likacheka.

Walijaribu kuchonga k za mti. Mashine ilizipasua.

Bibi Mkuu, yule Mwingereza anayeongoza shule, aliwashauri wachape kwa Kiingereza. Wakamwuliza kwa adabu wazazi wao watasoma nini. Akakubali. Mama mwenye haki, nadhani.

Basi wameamua hivi. K zote ni za majina ya watu. Jina la mtu halibadilishwi. Habari zote nyingine, kuanzia juu hadi chini, zitaandikwa bila k.

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia Bi. Tabu haiwezekani: hakuna kwa, hakuna katika, hakuna kama, hakuna lakini. Hata mwaka wenyewe una k! Utaandikaje habari za mwaka?

Akanipa karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Nimeinakili hapa:

"Wazazi wetu, ingieni. Viti ni vichache, mapenzi ni mengi. Tangu Januari hadi Desemba tumelima mihogo, tumeshona magauni, tumeimba mbele ya wageni. Netiboli tumeshinda mara tisa. Mara moja tumeshindwa, na aliyetushinda ni mvua."

Nimesoma mara ya pili nikiitafuta. Haimo. Na maneno hayachechemei. Ukisoma bila kuambiwa hutagundua kitu.

Miaka ishirini na miwili naandika habari. Nimeandika moto wa bohari, meli iliyopanda mwamba, mazishi ya masultani. Leo nimesimama bandani na karatasi ya mtoto wa shule mkononi, sina swali la kuuliza.

Jumatano, 1 Desemba

Kazini nilimwambia Mwinshehe, mpanga herufi wetu, anipe k kidogo za kuazima. Alinitazama kama nimemwomba meno yake.

"Bwana Jamali, mie mwenyewe nazifunga kwa kufuli. Nikikupa, gazeti letu litatoka linasema 'abari za asubui'?"

Nikamwambia hiyo ni h. Akasema ndiyo hivyo, inaanza na k halafu zinafuata nyingine.

Hata hivyo alinionyesha moja. Herufi zetu ni fupi kuliko za Mtoni, hazitagusa karatasi. Basi.

Jioni nilijaribu mwenyewe kuandika habari ya ajali ya Ilala bila k. Mistari mitatu. Nimeshindwa. Dereva hakuona. Mtoto hakuumia. Polisi hawakufika. Kumbe bila k huwezi kusema jambo ambalo halikutokea! Sikufanya, hatukuweza, hawakuja, zote zina k. Sasa naelewa kwa nini karatasi ya wale watoto inasomeka vile. Ina yale waliyotenda tu. Kwa herufi walizonazo, "hatukuweza" haiandikiki.

Nimeweka kalamu chini.

Alhamisi, 2 Desemba

Mtoni tena. Leo mkaguzi wa shule alikuja kujaribu hesabu mbele ya darasa la kumi. Msichana mmoja, Kokuberwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mtihani wa jimbo zima, wavulana na wasichana. Mhaya, mwembamba, husimama amefumbata mikono nyuma kama askari. Mkaguzi akataja urefu na upana wa ukumbi, mwinuko wa paa na ukubwa wa bati, akauliza mabati mangapi. Nilikuwa bado naandika swali. Yeye ameshajibu na kukaa. Akainuka tena kuongeza kwamba mabati ya pembeni yatakatwa, kwa hiyo waongeze mawili. Mkaguzi alipiga hesabu kwenye karatasi, akafuta, akapiga tena. Akasema sawa. Akasema sawa tena, kwa sauti ya chini.

Ndiye anayekanyaga mashine pia. Miguu yake haichoki.

Bi. Tabu akaniomba salamu fupi kutoka kwa mtu wa magazeti, waiweke pembeni. Nikaandika: "Kwa furaha kubwa..." Jovina akapiga yowe.

"Bwana Jamali! Maneno matatu tu umeshatuangamiza!"

Niliandika mara nne. Ya mwisho: "Nimeona. Nitaeleza wengine." Badriya aliisoma polepole, akaipokea. Sijawahi kufurahi hivyo mhariri akipokea kazi yangu.

Ijumaa, 3 Desemba

Mambo yameharibika.

Ukurasa wote umepangwa. Nimeuona kwenye fremu, herufi zimelala kinyumenyume, zinang'aa. K zote saba zimo, kila moja ndani ya jina la mtu. Hakuna iliyobaki. Hata Bibi Mkuu mwenyewe wamemwandika "Bibi Mwalimu". Aliposoma alicheka, akasema cheo kile kilikuwa kinamchosha.

Mchana ikaja habari kwamba mgeni wa heshima amebadilishwa. Si mkaguzi tena. Ni Mkuu wa Jimbo, Bwana Ellsmore. Bibi Mkuu akaja mbio bandani, uso mwekundu. Jina la mgeni na cheo chake lazima viwe mstari wa kwanza.

Ellsmore, sawa. E na l wanazo za kugawa. Badriya akasema wataandika "Bwana PC", kifupi cha cheo chake kwa Kiingereza, kila mtu anamwita hivyo. Bibi Mkuu akasema PC ni ya mtaani, huwezi kumwandikia mtu hivyo mbele yake. Kamili: Mkuu wa Jimbo. Yeye ndiye anayeamua kama darasa la kumi litaendelea mwakani. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

Basi k moja ndogo lazima itoke mahali. Bibi Mkuu akapita majina kwa kidole. Akafika kwa Kokuberwa. Huyu ana jina la ubatizo, akasema: Fides. Fides binti Adelard. Halina k hata moja. Ni jina lake halali, hakuna anayedhulumiwa.

Ni kweli. Nimeona daftari la shule, limeandikwa Fides.

Wasichana wote waligeuka kumtazama Kokuberwa.

Kokuberwa alishuka kwenye mashine, akafuta mikono. Akasema: "Samahani, Bibi. Fides ni mimi pia. Lakini jina lile jingine ni la bibi yangu, mama wa baba. Yeye hajui kusoma. Anajua neno moja tu, jina lake. Baba alimfundisha kwa kulichora mchangani. Baba amekuja kutoka Bukoba achukue gazeti hili ampelekee. Akifunua akakuta Fides, ataona karatasi tu."

Bibi Mkuu alilitazama jina lile kwenye fremu. Kisha akasema pole. Akasema iwe Fides. Akatoka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikisukuma baiskeli. Haikuwa na pancha.

Jumamosi, 4 Desemba

Naandika nikiwa bandani, nimesimama. Mwandiko si mzuri, na meza zote zina wino.

Niliingia uani mapema. Wazazi wamejaa. Makarani wa Kinondoni na tai zao, wakulima wa Yombo, Bwana Awadh na kanzu iliyonyooshwa hadi inakata. Mabanda ya maonyesho yamejaa magauni, mihogo mirefu kuliko mtoto, ramani ya Tanganyika iliyotengenezwa kwa mbegu za mimea ya kila jimbo. Nilisimama mbele ya ramani ile. Kahawa Bukoba, mkonge Tanga, pamba Mwanza. Mpaka wa kusini umewekwa korosho mojamoja. Kazi ya mwaka mzima. Kwaya inaimba sauti nne bila kinanda, na watu wazima wamevua kofia bila kuambiwa.

Kuna mtu amesimama peke yake karibu na lango, suti nzito ya nchi ya baridi, jasho linamtiririka. Ameshika bomba la mwanzi lenye kifuniko cha ngozi. Nilimwamkia, tukasalimiana. Ni Bwana Adelard. Alisafiri kwa meli hadi Mwanza, kisha treni. Nikamwuliza bomba ni la nini. La gazeti, akasema, lisije likakunjwa njiani. Mkunjo ukipita juu ya jina, mama hatalitambua. Akaniuliza mie ni mtu wa magazeti, nimeliona tayari? Nikamwambia bado.

Nikaja moja kwa moja bandani.

Badriya yuko kwenye mashine. Jana jioni alibaki na kibanio cha kung'olea herufi na maagizo ya Bibi Mkuu. Sijui walikaa hadi saa ngapi. Hakuna aliyenieleza kitu. Wamenipa prufu, ile nakala ya kwanza ya kusahihisha, wino mbichi, wakasema wewe ndiwe mzoefu, tutazamie makosa.

Mstari wa kwanza, juu kabisa:

"Mgeni wetu ni Bwana Ellsmore, M uu wa Jimbo."

Pengo. Si kosa la mashine. Limepangwa, upana wa herufi moja kamili, safi kama pengo la jino. Nikateremka hadi chini. Hesabu, wa kwanza jimbo zima: Kokuberwa binti Adelard. K kubwa, k ndogo, zote mbili zimesimama.

Nikamtazama Badriya. Akasema, taratibu, kama anayemweleza mgeni kanuni ya nyumba: "Jina lake lote lipo, Bwana Jamali. Hatukugusa hata herufi. Cheo ndicho kimepungua. Cheo si jina."

Jovina akanong'ona kwamba, isitoshe, atapata cheo kingine. Hakuna aliyecheka.

Honi nje. Gari limeingia. Kwaya imekata wimbo katikati na kuanza ule wa kupokea wageni. Bibi Mkuu amesimama mlangoni, kofia kichwani, anatweta. Anataka nakala ya kwanza ampe mgeni mkononi. Ameniona na prufu. Anauliza, kwangu mie, si kwao: "Bwana Jamali, wewe unaijua kazi hii. Iko sawa?"

Wote wamenigeukia. Kokuberwa amefumbata mikono nyuma. Bi. Tabu amesimama kando ya kasha la herufi.

Kazi yangu ni kuona makosa. Nimesoma tena kutoka juu hadi chini, neno kwa neno, kama ninavyosoma siku zote. Nikamjibu:

"Bibi, nimesoma. Yote ni sawa."

Nilipokwisha kusema ndipo nikasikia. Hakuna k.

Amenyoosha mkono anataka karatasi. Bado ninayo. Na Badriya ameshaweka mguu kwenye kanyagio la mashine, tayari kuchapa za wazazi.