Chokaa kwenye Ukuta wa Kanisa

Nairobi, Jumapili

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi tu wazima. Baridi ya huku ni ile ile, na kazi ya ulinzi inaniweka getini tangu alfajiri. Mjukuu wako ameota meno na anauma kila anayembeba.

Ndugu yangu Ochieng' alifika Jumatatu na dagaa wa omena uliotuma. Ndipo akanieleza jinsi ulivyowaongoza akina mama kulipaka kanisa letu la zamani chokaa, ndani na nje, kwa sababu maafisa wa majengo ya kale wanakuja kulitazama.

"Mama alisema wageni wa serikali hawawezi kukuta nyumba ya Mungu ikiwa chafu," akaniambia.

Nilicheka, halafu nikayakumbuka yale mawe.

Mama, wale wanakuja kuona mawe. Wakiridhika, sheria italilinda kanisa, na kamati ya parokia haitaweza kulibomoa ijenge lile jipya kubwa la matofali inalolitaka. Sasa alama ambazo kila ukoo ulichonga kwenye jiwe lake, mlipobeba mawe hayo kichwani kutoka mlimani ukiwa msichana, ziko chini ya chokaa. Nani atajua kuna kitu pale?

Ijumaa nilipita ofisini kwa maafisa hao. Afisa mmoja mpole akaniuliza, "Ni rangi ya mafuta au chokaa?"

"Chokaa."

"Basi bahati yenu. Mlioshe kwa maji na brashi laini. Mtu asikwaruze na panga. Nani alipaka?"

Nikasema wenyeji. Sikutaja jina lako.

Lakini aliniambia pia kwamba likishalindwa, hakuna atakayepaka, kuziba ufa wala kupigilia msumari bila ruhusa. Kwa hiyo kazi yenu ya kila Krismasi ya kuziba nyufa imekwisha. Jambo hilo limeniuma, Mama. Wewe uliyebeba lile jiwe utaomba ruhusa kuligusa! Hata hivyo mimi naona mlioshe. Afadhali liwe chini ya serikali kuliko liwe kifusi.

Nisalimie dada yangu huko Kombewa na shemeji yake mwenye duka. Msalimie Padre pia, ingawa yuko upande wa kamati.

Ochieng' anakuletea barua hii pamoja na brashi. Jiwe la ukoo wetu liko kando ya mlango unaotazama ziwa. Mkianza kuosha, anza na hilo, uliguse unavyotaka kabla hawajafika.

Mwanao,
Odhiambo