Mitumbwi Miwili Juu ya Gari Dogo

Mume wangu, roho yangu,

Nimekaa mara tatu kukuandikia, na mara tatu nimeinuka kuchungulia ziwa. Ulisema utakwenda Kazimia kumchukua mama yako na kurudi siku ya tatu. Leo ni ya sita, na tangu asubuhi bunduki zinalia milimani. Wengine wanasema vita itafika hapa Baraka leo, wengine kesho. Lakini nikifumba macho nakuona wewe, na ninacheka peke yangu kama mwehu.

Nakuona siku ile tuliyokwenda kuchukua mitumbwi Lubondja. Baba alitaka mtumbwi kwenye mahari, nawe ukachongesha miwili, mmoja wake, mmoja wetu. Gari la mjomba wako lilikuwa dogo mno, mitumbwi ikalizidi mbele na nyuma. Ukailaza kifudifudi juu ya majani ya migomba, ukapitisha kamba madirishani, ukakaza kwa nguvu zako zote. Kisha ukashika mlango. Wapi! Ulikuwa umefunga milango yote minne. Mjomba akakataa kufungua: "Nani atakaza tena hivi? Tuingie kwa dirisha." Tukaingia kama kuku wanaosukumwa kikapuni.

Ndivyo askari alivyotukuta kwenye kizuizi.

"Mushuke!"

"Chef, milango haifunguke. Tumeifunga na kamba," ukamjibu.

"Munanichezea?" Bunduki ikaingia dirishani. Ukaushika mkono wangu, na sauti yako haikutetemeka hata kidogo.

"Hapana, chef. Ni mitumbwi ya mahari. Bibi-arusi ni huyu."

Akanitazama. "Mitumbwi mbili kwa huyu mwembamba?"

"Tatu haingeenea juu ya gari, chef."

Alicheka mpaka akaliegemea gari. "Mupite, bawazimu ya mapendo!" Kwangu mimi niliolewa pale pale, ingawa padri alitufungisha ndoa wiki mbili baadaye.

Sasa baba anapakia mizigo mtumbwini ili tuvuke maji kwenda Ubwari. Tangu jana nilikuwa nakataa. "Akirudi atanikuta wapi?" nilimuuliza. Akanijibu, "Mwanangu, akukute muzima kwanza." Nikalia sana. Nimekubali kupanda, mpenzi, na moyo wangu hautulii, unaniambia nishuke na unaniambia nipande, vyote kwa pamoja.

Barua hii anakuletea mvuvi anayeelekea upande wako. Usije Baraka. Ukikuta tumekwenda utadhani nimechoka kukungoja, na hilo silitaki liingie kichwani mwako hata kwa dakika moja. Mlete mama moja kwa moja Ubwari. Nitashinda ufukweni kila siku, na nikikuona nitapiga kelele za furaha mbele ya baba, ya mama mkwe na ya watu wote. Waache waseme sina haya. Fanya haraka, tafadhali.

Mke wako, ambaye ndoa yake haijamaliza mwezi