Pua ya Muli Inanishinda

Jumatatu, 3 Machi
Wewe mwanamke, umepotelea wapi? Tangu mvua iishe hujafungua hili daftari. Mkono umelala. Usisingizie magoti, mtu hachori kwa magoti. Hakuna mwingine wa kusoma haya ila wewe, kwa hivyo kasirika ukitaka.
Nimeweka muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, motoni, nikachonga penseli kwa kisu cha mboga. Nimechora kikombe. Kimeinama kama mlevi. Nikafuta kwa kipande cha mpira wa patipati, kiatu kilichokatika, nikachora tena. Bado mlevi, lakini ana nafuu.

Jumatano, 5 Machi
Kuku. Hasimami. Nimemchora yule anayeatamia, hana pa kwenda.
Mwalimu wa ngumbaru, aliyenifundisha herufi nikiwa tayari nyanya ya watu, alisema vitu vidogo kila siku, uso baadaye. Mimi nataka uso. Wa Muli, mume wangu. Tangu tumzike unanitoroka. Kilianza kidevu. Sasa naona kofia, na chini ya kofia hakuna mtu. Naogopa. Hata kaburini sikuogopa hivi.

Ijumaa, 7 Machi
Picha yake ni moja tu duniani. Iko Sultan Hamud kwa Kavindu, mke wake mdogo. Nimempigia simu. Nikamwambia, niletee niitazame, siku moja tu. Akasema, "Mama Kioko, wewe ulimpata akiwa kijana. Mimi niachie picha." Akakata.
Nyoka. Na jibu lenyewe zuri.

Jumamosi, 8 Machi
Basi, bila picha. Sijui macho hukaaje usoni, kwa hivyo nachora yangu kwenye kioo. Nitafanya hivi kila asubuhi. Kumbe macho hayako juu karibu na nywele. Yako katikati. Miaka yote hii nabeba kichwa na sikijui.

Alhamisi, 13 Machi
Leo Muli. Mdomo wazi, meno ya mbele yamechongwa makali, vile vijana wa Kikamba walifanya zamani. Masharubu yamekubali. Pua imekataa.
Mchungaji amepita kuniombea. Akaona meno, akasema hayo ni mambo ya giza, nimchore mdomo umefungwa. Nikamwambia, "Hayo meno yalilisha nyumba hii. Kunywa chai, mchungaji." Akanywa.

Jumapili, 16 Machi
Kavindu amekuja. Sikumwita. Alisikia namchora mzee. Akachukua daftari, akaliweka mbali na macho, halafu akacheka hadi leso ikaanguka. "Woi, Mama Kioko! Si huyu ni wewe? Umejiotesha masharubu!"
Nilitaka kumchapa. Halafu nikaangalia. Kweli. Macho yangu. Paji langu. Pua yangu. Asubuhi zote hizo kwenye kioo zimenifundisha mtu mmoja, na si yeye. Nililia kwa hasira. Nikamwambia angekuwa na roho angeleta picha.
Akaokota leso yake. Kisha akasema, mchwa. Walipanda ukutani nyuma ya picha. Walikula uso, wakaacha koti. Siku niliyopiga simu ilikuwa imekwisha kuliwa, akaona haya kusema.
Nimemtukana vizuri. Nikampakulia chakula. Akila akasema na yeye uso unamtoroka. Sikupenda kujua hilo.

Jumatatu, 17 Machi
Amelala hapa. Asubuhi tumekaa mlangoni, mimi na penseli, yeye na mdomo.
"Pua ipinde upande wa kulia."
"Muli hakuwa na pua iliyopinda."
"Punda alimpiga teke kwetu. Hukujua?"
Sikujua. Baada ya huyo punda hakurudi kwangu ila kwenye sanduku, na sanduku halikufunguliwa. Mimi nilikuwa nachora pua ya kijana. Ile ya uzee ni ya Kavindu. Inauma. Nimeipinda.
Tumetazama muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Kavindu akasema, "Karibu awe ndiye." Akaingia ndani kuosha vyombo, bila kuambiwa.
Sijamsamehe. Atakaa hadi Jumatano.
Ukifungua tena hapa, anza na sikio la kushoto. Lichore mwenyewe kwanza. Yeye umuulize baadaye.