Yule Furu wa Lambo la Kenyamonta

Bomani, Tarime
Ijumaa, baada ya sala

Mke wangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Kabla hujafika mstari wa pili mpe mama shikamoo yangu, maana najua unasoma kwa sauti ukiwa umekaa kwenye kitanda chake, naye hapendi kusahauliwa. Hajambo? Ule mkono wa kushoto umeanza kushika kikombe? Na wewe mgongo wako vipi, kumwinua na kumlaza kila siku? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hilo usilisome kwa sauti, atasema sijui kupika, na atakuwa amesema kweli.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Kwenye simu unaniuliza kama nimekula, nakwambia nimekula. Nakuuliza mama, unaniambia afadhali ya jana. Halafu tunanyamaza, kila mmoja anamsikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka mmoja wetu aseme mtandao mbaya. Mtandao haukuwa mbaya, Mwanaidi. Mara ya mwisho uliniambia, "Shabani, mama haachiki. Wewe ndiye wa kuja, na sitakuuliza tena." Nikakujibu kwamba siwezi kuondoka sasa hivi, nina samaki. Ukacheka kile kicheko chako kisicho na furaha, ukakata. Ni wiki tatu sasa na bado nakisikia. Ndiyo maana nataka nikueleze hao samaki ni kina nani.

Unalikumbuka birika la nyuma, lile la saruji tunalotumia pamoja na Mama Bhoke muuza mboga. Ulipoondoka mvua zililijaza hadi juu, mbu wakazaliana humo, wakawa wanatuuma mchana kweupe. Mama Bhoke akataka kumwaga mafuta ya taa. Nikamwambia hapana, kwetu Pangani birika la msikiti lilikuwa na samaki wake, wanakula watoto wa mbu, na ukitawadha wanakuja kukugusa vidole. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe anataga.

"Samaki kwenye maji ya kufulia, fundi? Nyie watu wa pwani mna mambo."

Lakini Mwita alisikia. Mwita ni yule mteja wetu wa Kenyamonta, mfugaji, ambaye wanawe wanamaliza sare kama wanazila. Alipokuja kuchukua kaptula akaniletea furu sita kwenye ndoo ya mafuta ya kula. Wawili walikuwa wamekufa, maana ndoo haikuoshwa vizuri. Furu si samaki wa kumpigia mtu picha. Ni mdogo, urefu wa kidole, wa kijivu, ila dume akijisikia anang'aa bluu na manjano kama kitenge ambacho hakijafuliwa.

"Hawa ni wa lambo letu, pale tunaponyweshea ng'ombe," alisema Mwita. "Sio sato wa kuletwa. Hawa tumezaliwa tumewakuta."

Niliwaweka wanne birikani, na kwa wiki mbili mbu wakapungua kweli. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini jioni nikifunga duka nilikuwa naingia chumbani na hakuna chochote kinachosogea humo ndani. Pazia lako halisogei. Kiti chako hakisogei. Nikamwomba fundi vioo anizibie kwa gundi lile kabati letu la kioo la vifungo, nikaliweka mezani, pale ilipokuwa cherehani yako, nikawahamishia humo furu wawili, dume na jike. Nikawa nakula nikiwatazama. Nikawa naongea nao pia, tena mambo mengi kuliko niliyokuambia wewe kwa miaka kumi na tisa. Sijivunii hilo.

Mimi ni mtu wa pwani, siwezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Nikawa nawakaribisha ugali. Mama Bhoke naye akipita anawatupia kipande, wateja vivyo hivyo. Wiki moja tu, maji yakawa kama uji wa juzi na chumba kinanuka. Bahati akaja binti mmoja wa ofisi ya uvuvi kupunguziwa gauni. Watu hapa wanamwita Bibi Samaki ingawa hajafika hata thelathini. Hakuuliza habari ya gauni. Aliuliza, "Baba, hawa umewatoa wapi, na nani amekuruhusu?"

Alinikalisha chini kama mwanafunzi, mimi na mvi zangu. Alinifundisha kuacha maji ya bomba kwenye ndoo siku mbili mpaka dawa itoke, na kubadilisha kidogo kidogo, nisiyamwage yote mara moja. Akasema niwape watoto wa mbu wa birikani, kiasi cha kumaliza mara moja, na ugali nile mwenyewe. Maji machafu nimwagie mchicha wa Mama Bhoke, si mtaroni, kwa sababu mtaro unaishia mtoni na huwezi kujua umepeleka ugonjwa gani. Na Mwita aende akamwambie mwenyekiti wa lambo kwamba furu wametoka, ijulikane. Mwita alikwenda. Kisha binti akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Ukiwachoka, warudishe kwenye maji yao yale yale, kama hawaumwi na hawajachanganyika na wengine. Usiwapeleke mto mwingine kwa huruma. Na ukishawachanganya, hawarudi tena kwao. Ni wako mpaka wafe."

Baada ya hapo akaja mfanyabiashara wa Sirari na samaki wekundu wa kununua, wazuri ajabu, kwenye mfuko wa plastiki. "Mzee, hizi ni poa, weka na zako, zitapendeza." Nilitamani. Niliushika ule mfuko kwa muda mrefu. Nikamrudishia.

Na chura ninaye, kwa kuwa najua Mama Bhoke ameshakutumia habari. Sikumkamata. Alikuja mwenyewe kwenye beseni la maji ya mvua chini ya dirisha, nikamwekea jiwe na majani, anaingia na kutoka anapotaka. Mara ya kwanza nilimshika nimtoe njiani, mikono yangu ikiwa na mafuta ya cherehani. Bibi Samaki alinigombeza: chura hunywa maji kwa ngozi, ukimshika na mafuta umemnywesha mafuta. Tangu siku hiyo simshiki. Namsalimia tu. Mama Bhoke amenitangaza sokoni: "Mke akisafiri, wanaume wengine wanaongeza mke. Fundi ameongeza chura."

Sasa Mwanaidi, ondoka kitandani kwa mama, nenda ukakae uani. Yanayofuata usome peke yako.

Siku kumi zilizopita niliona furu jike hali kitu. Nampa watoto wa mbu, wanampita puani, anawaacha. Koo lake limevimba, anajificha nyuma ya jiwe. Kwenye kona ya lile kabati kulikuwa na kifungo kimoja cha shati, cheupe, kilichobaki tangu lilipokuwa la vifungo, nilikuwa nakiona kila siku. Nikakitafuta, hakipo. Basi mimi fundi nikaona kila kitu kwa macho ya fundi: amemeza kifungo, kimemkaba, atakufa mikononi mwangu. Nikalowesha mikono, nikamtoa, nikamlaza kwenye kitambaa kibichi, nikamfungua mdomo kwa kibano kile cha kuvutia nyuzi.

Hakikutoka kifungo. Walitoka watoto, Mwanaidi. Wadogo kama mbegu za ufuta, wana macho, wanarukaruka juu ya kitambaa. Alikuwa amewabeba mdomoni. Niliwazoa kwa kijiko nikawatia kwenye beseni la maji yao pamoja na mama yao, lakini kitambaa kilishawashika wengine. Walikufa tisa. Kifungo nilikikuta baadaye chini ya mchanga.

Bibi Samaki alipokuja hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema tu, "Baba, hakuwa anaumwa. Furu jike huwabeba hivyo, wiki mbili, hata tatu, na hali kitu mpaka waweze kuogelea. Alikuwa anawatunza." Nilifunika beseni kwa kanga yako, ile yenye maua uliyoiacha msumarini. Asubuhi nilipofunua, amewaokota wote waliobaki, yuko kimya, mdomo umejaa.

Nikakaa sakafuni nikalia. Nililia kwa sauti mpaka Mama Bhoke akaja kugonga mlango, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza lini. Nikamwambia mwaka wa juzi.

 Yeye ndiye aliyekushika mkono siku ile, anajua.

Mimi sikukushika. Tulipotoka kumzika mtoto wetu, yule wa miezi saba, uliniambia, "Shabani, sema neno." Nikakujibu kwamba kesho wenyewe wanakuja kuchukua sare. Nikakaa kwenye cherehani nikashona kaptula nne. Ukanisubiri siku ile, na mwezi ule, na mwaka ule. Halafu mama akaugua, ukapata sababu ya kuondoka ambayo mtu hawezi kuilaumu. Watu wakiniuliza nawaambia mke wangu anamuuguza mama yake. Ni kweli, lakini nusu. Nusu nyingine ni kwamba ulichoka kuishi na ukuta.

Uliniuliza mara moja kwa nini silitaji jina lake. Nilikuwa nalo, Mwanaidi. Lilikuwa mdomoni muda wote. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo litatoka na kufa tena. Salma. Nimeliandika sasa, na kabla ya kuliandika nimelisema humu chumbani, kwa sauti, mara tatu. Salma wetu.

Kwa hiyo kuhusu samaki, nilikudanganya. Hawakuwa wananizuia. Nilijificha nyuma yao, mwanaume mzima nyuma ya viumbe vya urefu wa kidole. Nilikuwa naogopa kuja kwako mikono mitupu na mdomo mtupu.

Jana tumewarudisha. Bibi Samaki aliwakagua kwanza, akaona hawana vidonda wala ukungu, na hawajachanganyika na yeyote. Niliosha ndoo bila sabuni, nikaweka maji yao wenyewe, nikakaa nyuma ya pikipiki ya Mwita na ndoo mapajani hadi Kenyamonta. Ile barabara unaijua. Watoto walikuwa wameanza kuogelea nje, lakini kila pikipiki ilipoingia shimo walikimbilia kwa mama yao, naye anafungua, wanaingia, anafunga. Nilichungulia njia nzima. Mwita akasema, "Mzee, utaanguka." Pale lamboni nilikaa muda nikichanganya maji ya lambo kwenye ndoo kidogo kidogo wazoee, ng'ombe wa watu wananishangaa. Kisha nikaiinamisha ndoo. Dume alitoka mbio kama mdaiwa. Jike alisita ukingoni, mdomo umejaa, halafu akaenda zake chini kwenye matete na sikumwona tena.

Wawili wa birikani nimemwachia Mama Bhoke, pamoja na chura, kama chura anaachiwa mtu. Amesema hatawapa ugali. Nimefunga duka. Nilikuwa nimepanga kumpa barua hii kondakta wa basi akufikishie.

*

Hapa wino umebadilika. Sikumpa kondakta. Nilisimama pale stendi ya Tarime na bahasha mkononi, nikaona inakwenda kwako barua, mimi narudi kwenye chumba kile chenye kabati la maji matupu. Nikapanda basi mwenyewe. Sehemu hii naimalizia kwenye benchi, stendi ya Tanga, kichwa cha cherehani kiko kwenye gunia miguuni pangu.

Ningekuomba unisalimie dada yako Zuhura, lakini yeye ndiye aliyekuletea barua hii; nimempigia simu aje kuichukua hapa stendi, na nimemwomba asiseme ameitoa wapi. Ningekuomba unisalimie mjomba wako muuza mkaa na shangazi wa nyumba ya pili, lakini nitawasalimia mwenyewe ukiniruhusu. Na mama, mwambie kwamba tutambeba kwa zamu, mgongo wako upumzike. Sijui kupika, ila kumwinua mtu naweza.

Unaposoma hapa niko barazani kwenu, Mwanaidi. Sijala tangu Korogwe. Nikikuona nitalitaja jina lake kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia hapo hapo, unanijua. Ukiwa bado hutaki, nitakaa hapa hapa nje na sitakuuliza lini.

Ukiwa unataka, fungua mlango.

Mumeo,
Shabani