Televisheni Ilimwambia Shani "Vizuri Sana"

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada kabla ya Jumatano, maana Jumatano natakiwa kusaini mkataba mpya na mkono wangu unakataa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina mume na mtoto mmoja, tunaishi Bweri hapa Musoma, nilikuwaga nafundisha shule ya binafsi kule Kitaji miaka kumi na miwili mpaka shirika moja likaniajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja kurekodi vipindi vya kuonyeshwa kwenye televisheni katika shule zenye upungufu wa walimu, nikafurahi, nikashona na magauni mapya, kumbe kazi yenyewe ni kusimama kwenye chumba chenye mapazia mazito nikiitazama kamera, nauliza "Mmeelewa, watoto?", nahesabu moja mbili tatu kimoyomoyo, halafu nasema "Vizuri sana, tuendelee," na hakuna mtu aliyenijibu.

Mshauri, nimelikumbuka darasa mpaka naumwa. Nakumbuka harufu ya sare zilizolowa mvua, nakumbuka "mimi Madam, mimi Madam," hata zile kelele nilizokuwa nazigombeza nazitamani, na nikipita karibu na shule saa za vipindi napunguza mwendo kama mtu aliyeangusha kitu.

Mwezi wa pili nilitumwa shule moja ya Bunda kukagua kama televisheni inafanya kazi, nikasimama mlangoni na fomu yangu, na kwenye kioo nilikuwa mimi mwenyewe nikifundisha kujumlisha sehemu, nikauliza "Mmeelewa, watoto?", na binti mmoja wa dawati la pili, baadaye nilijua anaitwa Shani, akajibu kwa adabu kabisa, "Hapana, Madam." Televisheni ikamwambia, "Vizuri sana, tuendelee."

Akainamisha kichwa akaanza kunakili.

Sikuweza kuvumilia, nikaingia, nikaizima, nikamuuliza, "Hujaelewa wapi, mwanangu?" Akanitazama, akaitazama televisheni, akasema, "Nusu na theluthi, Madam, kwa nini jibu lisiwe mbili ya tano?" Nikaichana ile fomu vipande mbele yao, tukapanga nusu na theluthi juu ya dawati, na alipoona mwenyewe kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko hata ile nusu peke yake, alicheka kwa sauti, na darasa zima likacheka.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi naaga ofisini kwamba nakwenda kukagua shule za Butiama, lakini napanda basi la Bunda naenda kufundisha, na kwenye ripoti naandika kila mahali mitambo ni mizima. Wiki iliyopita Mwalimu Mniko, anayefundisha shule moja karibu na Buhemba, huko huko Butiama, akanipigia simu, "Madam, mbona tunakusubiri? Televisheni ilikufa wiki sita zilizopita, na mimi niko peke yangu na madarasa matatu."

Mume wangu Werema hajui lolote la hizo Alhamisi, anasema, "Mama Clever, wenzako wanaitafuta nafasi hiyo kwa tochi, wewe unalilia chaki?" Nifanye nini?

Mwalimu N., Bweri

MAJIBU

Mwalimu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, na vyote viwili unastahili.

Kulitamani darasa si kosa. Mtu aliyezoea kujibiwa kwa miaka kumi na miwili hawezi kushibishwa na kamera. Lakini uliwapenda watoto uliowaona kwa macho, ukawasahau wa Buhemba kwa sababu hukuwaona. Hao nao walikuwa na maswali, na wewe uliandika kwamba mambo ni mazuri. Huo ni uongo, usiupake sukari.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwa meneja wako, mweleze yote, Alhamisi zote na ripoti zote, kabla Mwalimu Mniko hajamweleza. Akikufukuza, umefukuzwa kwa ukweli. Akikubakiza mpaka mkataba uishe, ombi lako la kwanza liwe fundi aende Buhemba, nawe uende naye, ukamwombe Mniko radhi uso kwa uso. La pili, rekodi upya mwisho wa vile vipindi: badala ya kuwasifu watoto usiowasikia, mwambie mwalimu aliyepo asimamishe picha na awaulize yeye.

Mkataba mpya usisaini. Umeshaniambia mwenyewe kwamba mkono unakataa, mimi nani niushike? Andika barua ya kuomba kufundisha, na usiombe Bunda peke yake kwa sababu ya binti mmoja. Omba popote penye uhaba, kisha muage Shani vizuri, asije akadhani umezimwa.

Na baba Clever mweleze leo, mkiwa mmekaa, simu zenu mbali. Usimwambie unalilia chaki. Mwambie umekuwa mpweke mwaka mzima na hukumwambia. Atanuna siku mbili, mvumilie, na yeye umemficha mengi.

Ukishapangiwa darasa usiniandikie kunishukuru. Hutakuwa na nafasi, utakuwa na madaftari ya kusahihisha.