Moto Tulioufukia Kitengela

Mpendwa Mama,

Barua zote ulizonifundisha kuandika zilianza kwa kuuliza afya. Hii siwezi kuianza hivyo, maana ni mwaka wa tatu tangu tukuzike nyuma ya nyumba ya nyanya kule Vihiga. Lakini ni ya afya vilevile. Nataka kukuambia kwamba akili yako haikuwahi kuugua.

Unakumbuka miaka ile ya tisini tulipohamia Kitengela, nyumba yetu ikiwa peke yake kwenye uwanda, na ardhi nyeusi ikipasuka kiangazi hadi sakafu yetu ya simiti ikaanza kupasuka nayo. Baba alikuwa karani Nairobi. Wewe ulishona sare za shule kwenye chumba cha nyuma kuanzia asubuhi hadi jioni, dirisha limefungwa ili vumbi lisichafue vitambaa vyeupe. Hakuna mwingine aliyekaa chumba kile. Wengine tulipita tu.

Halafu nyasi za jirani zikashika moto kwa sababu ya mtu aliyechoma takataka kwenye upepo, na chifu akaita baraza. Akasema hakuna kuchoma ovyo tena. Kila boma lichimbe shimo la kufika kiunoni, watu wachome asubuhi kabla upepo haujaamka, debe la maji likae karibu, na moto ukiisha ufukiwe kwa udongo. Baba aliyaandika yote kwenye daftari. Wewe ulinikonyeza, kwa sababu sote wawili tulijua vile mzee wetu anavyopenda sheria, hasa zile ambazo wengine hawazifuati.

Alichimba nyuma ya chumba chako, mahali ukuta ulipokinga upepo. Mama Nashipae, yule aliyetuletea maziwa, alisimama akamtazama hadi kibuyu kikamchosha mkono.

"Baba Jesca, hapo usichome," akasema. "Hapa ilikuwa boma ya wazee wetu. Ng'ombe zimelala hapa miaka mingi. Hiyo yote unachimba ni mavi ya ng'ombe. Moto ikiingia huko, haitoki."

"Mama, chifu amesema kiuno," Baba akamjibu, akashuka ndani ya shimo kumwonyesha. "Si unaona? Ni kiuno."

Wahenga walisema mwenyeji ndiye ajuaye njia, lakini Baba alikuwa na daftari. Alichoma Jumamosi asubuhi, debe la maji miguuni, kisha akafukia na kuupigapiga udongo kwa koleo mpaka ukalala. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Siku ile nilijivunia sana kuwa mtoto wake.

Julai ikaingia na baridi yake. Kuku wakahama kibanda chao wakawa wanajibanza kwenye ukuta wa chumba chako, wote, wamenyamaza. Asubuhi umande ulilowesha uwanja mzima isipokuwa ukanda mmoja mwembamba kutoka shimoni hadi ukutani, na ukanda ule uliongezeka upana kila wiki. Niliuona nikienda shule. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikujua ningesema nimeona nini.

Mchana mmoja nilirudi nikakukuta umeshika gurudumu la cherehani, haliendi.

"Ng'ombe zimeingia," ukasema, kwa sauti ile ile ya kuniambia chai iko kwenye thamosi. "Zimepita hapa katikati, Jesca. Na kengele zao."

Nikachungulia nje. Uwanda ulikuwa mtupu hadi barabarani.

Baada ya hapo ukaanza kuumwa kichwa na kutapika. Ukaanza kumwona mzee aliyejifunga shuka. Jumatatu alikuwa mlangoni. Alhamisi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, na ulinionyesha kiti chenyewe bila kukikazia macho, kama mtu anayeogopa kumkosea mgeni heshima. Lakini Jumapili ukishinda kanisani ulikuwa mzima kabisa, ukiimba, ukicheka na wenzako. Hilo ndilo lililokuharibia zaidi, Mama. Watu walisema ugonjwa unaojua siku ya Jumapili si ugonjwa wa hospitali.

Wamama wa kanisa wakaja kukuombea. Walijaa chumba kile, mlango na dirisha vimefungwa kwa ajili ya upepo, wakaimba saa nzima. Mmoja akaanguka. Mwingine akatapika kwenye kitambaa cha sare za watu. Walipotoka nje wakapata nafuu, wakaambiana kwamba pepo wa humo ni mkali kuliko walivyofikiri. Tulisikia tangu utotoni kwamba pafukapo moshi pana moto. Hakuna aliyetuambia kuhusu moto usiofuka.

Siku iliyofuata ulinishika mkono mbele ya Baba. "Vua kiatu ukanyage hapa," ukasema. Nikavua. Sakafu ilikuwa na joto, Mama. Katika baridi ile ya Julai, simiti ilikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Ulinitazama ukingoja, na Baba alinitazama pia.

"Sihisi kitu," nikasema.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilitaka uwe mgonjwa. Mgonjwa hupona. Nyumba yenye mzee anayesogea kila siku ungeifanya nini? Naona aibu kuandika hili, lakini ndivyo nilivyowaza.

Baba akakupeleka Vihiga upumzike. Ulipona ndani ya wiki moja. Uliandika kwamba umepona, naye akajibu ungoje kidogo, na kungoja huko kukawa miaka. Tulikuja likizo tukakukuta mzima, mcheshi, unalima. Lakini kengele ya mbuzi ikilia, au simu ya jirani, ulikuwa unaacha kazi na kutuuliza polepole, "Na nyinyi mmesikia?" Hukuitikia sauti yoyote kabla mtu mwingine hajakuhakikishia. Uliishi hivyo hadi ukafa, na mimi nilikuwa nakujibu, "Ndiyo Mama, tumesikia," bila kusema lile lingine.

Sasa mimi ni nesi hapa Kajiado. Kila msimu wa baridi tunaletewa watu waliolala na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, wakavuta hewa yake ya sumu isiyo na harufu. Wanaopona husimulia kichwa kuuma, kutapika, masikio kulia. Mmoja alisema alimwona marehemu babake akikunja mkeka. Niliwasikiliza miaka miwili na bado sikukufikiria wewe.

Mwezi uliopita Baba, ambaye amestaafu na anaishi peke yake kwenye nyumba ile ya Kitengela, aliita fundi avunje sakafu ya chumba cha nyuma, iliyokuwa imedidimia. Chini yake palikuwa wazi. Majivu laini yalimfika fundi magotini, na udongo wa pembeni ulikuwa umeiva mwekundu kama tofali. "Hii imeungua polepole, pengine miezi mingi," fundi akasema. "Kama tanuru ya makaa." Hapo hapo nikawakumbuka wagonjwa wangu wa jiko, nikakukumbuka wewe na dirisha lako lililofungwa.

Nilimweleza Baba yote, na la kiatu pia. Alishika bonge la udongo ule mwekundu mikononi muda mrefu.

"Nilichimba kiuno," akasema.

Kisha akainua uso. Ni yeye, Mama, aliyetupa udongo wa kwanza kaburini mwako, kwa hiyo usidhani amesahau kwamba hauko.

"Umemwambia mama yako?" akaniuliza.

"Bado, Baba."

"Basi mwambie leo," akasema. "Amengoja sana."

Pumzika sasa, Mama. Ulisikia vizuri.

Kifungua mimba wako,
Jesca